Safu ya Tatu: Maisha ya Mwalimu Chaki Mbili

Ndugu, majirani, walimu wenzake na ninyi nyote mliopata kukaa kwenye madawati yake, familia inawashukuru kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wa marehemu kwa maelekezo ya marehemu mwenyewe, na unasomwa kama alivyotaka usomwe, yaani wote.

Mama yetu, bibi yetu, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 10 Februari 2024, alikuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la ndoa. Yote matatu yapo kwenye jalada la programu hii. Lakini tunajua kwamba wengi wenu mlipopata taarifa za msiba mliuliza kwanza, “Nani huyo?”, na mlipoambiwa “Chaki Mbili” ndipo mkakaa chini. Kwa hiyo humu ndani tutamwita mwalimu, maana hata sokoni aliitwa hivyo na hakuwahi kukosa kuitika.

Alizaliwa asubuhi ya Jumapili tarehe 14 Machi 1948 katika zahanati ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchomeleaji wa mabehewa, na mama yake alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Waliishi katika nyumba ya vyumba viwili iliyogawana ukuta na karakana, na watoto walizoea kuzungumza kwa sauti ya juu ili wasikike kupita nyundo. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa watu wakiwa kimya ibadani, ndiyo maana tangu siku ile hakuupenda ukimya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955. Kipindi cha dini siku hizo kilikuwa cha kukariri: mwalimu anasoma swali kwenye kijitabu, darasa zima linaitika jibu. Mwalimu wetu alikuwa na umri wa miaka tisa aliponyoosha mkono na kuomba kuuliza swali ambalo halikuwamo. Mzee yule wa dini, mtu mpole sana kwa maelezo ya marehemu mwenyewe, alifungua kijitabu, akahesabu kwa kidole, akamjibu, “Maswali ya dini ni hamsini na mawili, mwanangu, na yote yamekwisha kujibiwa. Keti.” Aliketi. Alikisimulia kisa hiki maisha yake yote bila kumdharau mzee yule, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba alikwenda chuo cha ualimu kutafuta swali la hamsini na tatu.

Alisoma sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1963 hadi 1966, kisha chuo cha ualimu kwa miaka miwili. Jumatatu tarehe 6 Januari 1969 aliripoti kazini katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akapewa darasa la sita, somo la dini kwa wanafunzi Wakristo, na ufunguo wa kabati lisilofungika. Hakuwahi kuhamia shule nyingine.

Jina la Chaki Mbili alilipata mapema. Aliandika ubaoni kwa rangi mbili. Chaki nyeupe ilikuwa ya yale ambayo waumini wanaamini; chaki ya bluu ilikuwa ya yale ambayo darasa linauliza. Hakuchanganya. Mwanafunzi akisema jambo, alimuuliza kwanza, “Nyeupe au bluu?”, na mtoto alipaswa kujua anaungama au anauliza kabla hajaendelea. Ili chaki zisichafuane alihitaji sketi yenye mifuko miwili mirefu, na hilo ndilo lililompeleka kwa fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kazi mkabala na posta. Fundi alipima, akaandika, akamwambia, “Mwalimu, sketi hii itakuwa na mifuko mingi kuliko suruali yangu.” Alirudi kuchukua sketi, akarudi tena kusema mfuko wa kushoto umelegea, ingawa haukuwa umelegea. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Waliishi pamoja miaka thelathini na mitatu, mpaka fundi alipofariki tarehe 19 Agosti 2006. Cherehani yake bado ipo sebuleni, imefunikwa kwa kitambaa alichokishona yeye.

Sasa tunafika kwenye kazi yake, na hapa familia inaomba uvumilivu wenu, kwa sababu haiwezi kuelezwa kwa sentensi mbili.

Kwa wasiofahamu, walimu na wataalamu wa somo la dini wamebishana kwa miaka mingi kuhusu namna ya kulifundisha. Wapo wanaosema kazi ya mwalimu ni kulea imani: amfundishe mtoto dini ya wazazi wake mpaka imkae moyoni. Wapo wanaosema shule si nyumba ya ibada: mtoto afundishwe kuhusu dini zote kwa mbali, kama anavyofundishwa mito na milima, na mwalimu asionyeshe anaegemea upande gani. Na wapo wanaosema njia zote hizo zinamruka mtoto mwenyewe. Kwamba tuanze na yanayomgusa, hofu yake, kifo kilichotokea nyumbani kwao, uongo aliousema jana, halafu tuulize dini zinasemaje juu ya hayo. Mwalimu alizisoma zote. Alisema kila moja ina ukweli wake na kila moja ina uvivu wake. Wanaolea imani hawataki kuulizwa na mgeni, na wanaofundisha kwa mbali hawataki kusahihishwa na mwenyeji. “Ukifundisha dini ya mtu na mwenyewe hayupo, huo ni umbea,” alisema. “Ukifundisha ya kwako mbele ya wa kwako tu, unajisemesha.”

Jibu lake halikutoka kwenye kitabu. Lilitoka kwenye bati lililovuja.

Mwaka 1978 alikuja shuleni mwalimu kijana wa dini kwa wanafunzi Waislamu. Shule nzima ilimwita Maalimu. Yeye alimwita mwalimu wetu Dada, na nyumbani kwetu alikuwa na kikombe chake. Wakristo walisomea chumba cha darasa, Waislamu walisomea chumba cha pili kilichotenganishwa nacho kwa mbao. Mvua za mwanzoni mwa mwaka 1981 zilipotoboa paa la chumba cha pili, mwalimu mkuu aliwaambia wabanane chumba kimoja mpaka bati lipatikane. Wawili hao walikaa ofisi ya walimu mchana mzima wakijadiliana darasa mchanganyiko lifundishwe nini. Walitoka na kanuni nne.

Kila Jumanne mmoja atafundisha dini ya mwenzake, na mwenye dini atakaa dawati la nyuma kama mwanafunzi. Aliyekaa nyuma hafungui mdomo. Anaandika kila kosa kwenye daftari. Dakika kumi za mwisho ni zake: anasoma makosa, na aliyekosea mwenyewe anasimama mbele ya darasa lile lile na kusema “Nilikosea,” kisha anasahihisha kabla ya kengele. Na kanuni ya nne: kisichoandikwa kwenye daftari kimepita, yaani kimekubaliwa kuwa sahihi.

Daftari lilikuwa gumu, la jalada la bluu, na kila ukurasa waliupigia mistari kupata safu tatu. Safu ya kwanza tarehe na kosa. Safu ya pili sahihisho. Safu ya tatu alama ya vema, iliyowekwa baada ya mkosaji kusimama na kusahihisha mbele ya watoto. Mwalimu alisema safu mbili za mwanzo anaweza kuziandika yeyote mwenye chuki. Ya tatu ndiyo inayoonyesha kwamba pale palikuwa na walimu.

Jumanne tarehe 3 Februari 1981 alianza yeye, mbele ya wanafunzi arobaini na watatu, kufundisha funga ya Ramadhani. Alijiandaa wiki nzima. Alieleza kwa madaha kwamba mfungaji huanza kufunga jua linapochomoza, na nusu ya darasa ikaangua kicheko, maana watoto wale walikuwa wakiamshwa gizani. Maalimu alikaa nyuma akiandika bila kuinua uso. Dakika kumi za mwisho zilipofika alisoma kosa, na mwalimu akasimama akasema, “Nilikosea. Ni alfajiri, kabla ya jua. Futeni.” Aliulizwa baadaye kama hakuona aibu. Alisema aliona, lakini aliona pia watoto Waislamu wakikaa wima kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu mzima alikuwa amekosea jambo wanalolijua wao. Juma lililofuata Maalimu alifundisha habari za mitume, akamhesabu Paulo katika wale kumi na wawili, ingawa hakuwa mmoja wao. Wakristo nao wakakaa wima.

Bati lilipatikana baada ya miezi mitatu. Walimu wawili wakamwomba mwalimu mkuu asiwatenganishe siku ya Jumanne, na waliendelea hivyo kwa miaka saba. Siku nyingine za juma kila mmoja aliendelea kuwalea watoto wa dini yake kama kawaida, na hakuna mtoto aliyehama dini. Wanaokumbuka wanajua. Watoto walipocheza nyuma ya madarasa, ugomvi wao ulikuwa na kanuni: mmoja anasema, mwingine anaandika kwa kijiti mchangani.

Mwaka 1988 mzazi mmoja, mwoka mikate, aliandika barua kwa wakaguzi. Mwanawe alikuwa ameuliza mezani kwa nini wao hufumba macho wakisali na akina fulani hawafumbi. Barua haikusema swali lilikuwa baya. Ilisema limeulizwa kabla ya chakula, likajibiwa baada ya chakula kupoa. Lakini barua huzaa barua, na ikaitishwa kamati ya mitaala ya eneo, pamoja na wawakilishi wa dini zote mbili, iamue kama njia hii inafaa kufundishwa shule zote au ipigwe marufuku. Mwalimu alifurahi. Alidhani wanaitwa kueleza. Juma moja kabla, Maalimu alikuja nyumbani, akanywa chai kwa kikombe chake, akasema ni vizuri kamati ione daftari lenyewe na kwamba atalipeleka yeye. Mwalimu alimpa. Alilifuta hata vumbi.

Kikao kilifanyika Ijumaa tarehe 9 Septemba 1988 katika ukumbi wa ofisi ya elimu, kwenye meza ndefu yenye jagi la maji kila kona. Daftari halikuwa mezani. Mezani palikuwa na karatasi zilizopigwa chapa, nakala moja kwa kila mjumbe, na mwenyekiti alianza kuzisoma kwa sauti. Kosa la kwanza, tarehe 3 Februari 1981: amefundisha kwamba funga huanza jua linapochomoza. Kosa la pili. Kosa la tatu. Yalikuwa makosa mia moja na tisa, yote ya mwalimu wetu, kwa tarehe. La Maalimu hata moja halikuwemo, ingawa yake yalikuwa tisini na nne. Na karatasi zilikuwa na safu mbili tu. Safu ya tatu haikupigwa chapa.

Mwishoni palikuwa na tamko kwamba njia hii huwapotosha watoto na kwamba mwalimu husika hana ujuzi wa kutosha kufundisha somo la dini, hata ile ya kwake. Chini yake palikuwa na saini ya Maalimu.

Mwalimu aliomba kusema. Aliambiwa ataandikiwa.

Yeye na Maalimu walikutana nje ya ukumbi, karibu na ngazi. Haya tunayaandika kama alivyoyasimulia, na aliyasimulia mara chache, kila mara kwa maneno yale yale.

“Dada,” Maalimu alisema, “wangetufukuza sote wawili. Bora abaki mmoja.”

“Na huyo mmoja ulimchagua wewe.”

“Nikiwa ndani nitakutetea.”

“Daftari liko wapi?”

Alisema liko salama.

Nyumbani alimkuta mumewe akishona. Alimwambia kwamba miaka saba amehangaika kuwakalisha wawakilishi wa dini mbili wakubaliane jambo moja, na leo wamekubaliana kwa nusu saa. Fundi alisimamisha cherehani kwa kiganja. Akauliza swali moja tu, Maalimu alikuwa amekaa wapi. Mwalimu alijibu kwamba alikaa mbele.

Mwezi uliofuata Maalimu aliteuliwa kuwa mkuza mitaala. Mwalimu wetu aliondolewa kwenye somo la dini, akapewa Hesabu, ambayo aliifundisha kwa miaka kumi na tano mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Aliifundisha vizuri. Alisema huko angalau jibu likiwa sahihi hakuna anayeitisha kikao. Lakini watoto wake wanajua kwamba kila Jumanne alirudi nyumbani akavua viatu na kukaa mpaka chai ipoe, na kwamba chaki ya bluu hakuitumia tena. Mfuko wa kushoto wa sketi zake zote ulikuwa mtupu, na fundi aliendelea kuushona.

Maalimu alionekana tena kwetu siku moja tu, kwenye mazishi ya fundi. Alikuwa na suti nzuri na dereva. Alisimama kwenye mstari wa kutoa pole kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akashika mkono wa mwalimu kwa mikono miwili.

“Pole sana, Dada.”

“Asante, Maalimu. Una kitu changu.”

“Nitakileta.”

Mwalimu alimwambia asijisumbue kulileta daftari nyumbani. Lilikuwa la darasani, alirudishe darasani. Hakulirudisha.

Mwaka 2021 mjukuu wake, aliyekuwa akisomea ualimu wa somo la dini kwa sababu ya sifa za bibi yake alizokuwa akizisikia utotoni, alirudi likizo na kitabu cha kiada cha chuo. Alikuwa na furaha kubwa. Alimkuta bibi yake jikoni akichambua mchele, akaketi mbele yake na kumsomea sura ya sita, inayoeleza mbinu mpya ambamo mwalimu hufundisha imani isiyo yake huku mwenye imani akiketi nyuma na kumsahihisha mbele ya darasa. Kitabu kiliisifu kama suluhisho la ubishi mrefu kati ya wanaolea imani na wanaofundisha kwa mbali. Jina la mtunzi lilikuwa na shahada tatu mbele yake. Mjukuu hakulijua jina hilo. Nyumbani alizoea kulisikia lile jingine, la Maalimu.

Bibi aliendelea kuchambua mpaka sura ikaisha.

“Na safu ya tatu ameiweka?” akauliza.

“Ipo, bibi. Umejuaje?”

Bibi aliweka ungo chini. Akamwomba amwonyeshe picha ya nyuma ya kitabu, akaitazama kwa muda, akasema amenenepa. Kisha akamweleza mjukuu yote kwa mara ya kwanza, kuanzia bati mpaka ngazi. Mjukuu alilia. Bibi alimwambia anyamaze kwanza amsomee tena ukurasa ule wa kanuni, na aliposikia kanuni ya nne akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha ndani yake. “Mwaka ule ilikuwa upotofu,” alisema. “Leo ni sura ya sita. Sina ugomvi na watoto kuisoma, wasome. Lakini alisema makosa yangu mbele ya watu, na la kwake hajalisema hata mbele ya kioo.”

Hakutaka kushitaki wala kuandika gazetini. Alichotaka kilikuwa kile kile ambacho yeye mwenyewe alikifanya mara mia moja na tisa: mtu asimame, mbele ya watu wale wale, aseme “Nilikosea.” Familia inashuhudia kwamba alikingoja kwa miaka thelathini na mitano.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2019 kwa kisukari, na kufikia Machi 2023 figo zilikuwa zimechoka. Alikwenda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Muuguzi mkuu wa wodi ile alikuwa Mwislamu aliyekaa mstari wa pili siku ile ya Februari 1981, na kila asubuhi ya kusafishwa aliingia na salamu moja: “Mwalimu, jua limechomoza, tufunge?” Mwalimu alimjibu kwamba kosa lile lina vema yake, amwache apumzike. Siku ya kwanza muuguzi alipojaza fomu na kufika penye neno dini, mwalimu alimwambia, “Hapo pana mjadala mrefu, binti yangu. Andika Mkristo, tuendelee na sindano.” Familia inamshukuru muuguzi huyo, ambaye alimwosha uso mpaka asubuhi ya mwisho.

Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne kasoro robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na tatu. Bintiye alikuwa amemshika mkono.

Alikuwa ameacha maelekezo, ya tarehe 11 Januari, kwenye karatasi ya miraba iliyochanwa kwenye daftari la Hesabu. Wimbo usizidi beti tatu. Wasifu uandikwe na mjukuu, na usimsifu kupita kiasi. Ukiisha kusomwa, ratiba iache dakika kumi. Na la mwisho: kabla haujasomwa, Maalimu apelekewe ausahihishe, kwa kuwa yeye ametajwa ndani. “Kanuni anazijua,” aliandika.

Familia haikukubaliana mara moja. Kaka mkubwa, mwanawe, alisema huu ni msiba, si kikao cha usuluhishi, na kwamba mtu anayezikwa hazikwi na majina ya watu. Dada yake alimuuliza kama yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama siku za Jumanne. Jumatano jioni rasimu ilipelekwa nyumbani kwa Maalimu, ikapokelewa kwa saini. Kurasa zote mlizonazo mpaka hapa zilipelekwa kwa mchapaji Alhamisi, kwa sababu ya muda.

Ijumaa saa nne asubuhi, yaani jana, dereva wake aliileta bahasha. Ndani palikuwa na rasimu yetu. Daftari halikuwemo. Barua haikuwemo. Tuliipekua rasimu ukurasa kwa ukurasa, mjukuu akisoma na kaka mkubwa akifuatisha kwa kidole. Kikao cha Septemba: hakuna alama. Karatasi zenye safu mbili: hakuna alama. Saini, maneno ya kwenye ngazi, sura ya sita: hakuna alama hata ya nukta. Palikuwa na sahihisho moja tu katika rasimu nzima, pembeni mwa habari za siku ya kwanza, kwa mwandiko mdogo ulionyooka ambao watoto wa fundi waliutambua kutoka kwenye daftari lile. Lilisema:

“Walikuwa arobaini na wanne. Mmoja alikaa sakafuni, kwa sababu dawati lake nilikuwa nimelikalia mimi.”

Kaka mkubwa aliondoa kidole. Alisema basi, isomwe yote.

Marehemu ameacha watoto wawili, fundi umeme na karani wa mahakama, wajukuu watano, kitukuu mmoja, mdogo wake wa mwisho, ambaye ni mstaafu wa reli kama baba yao, na wanafunzi wa miaka thelathini na minne, ambao hatukuweza kuwahesabu.

Kwa kanuni ya darasa lake, kisichoandikwa kosa kimepita. Yaliyoandikwa humu kuhusu Septemba 1988 yamepita kwa mwenye dawati la nyuma, naye hakuyakana. Tumemwekea kiti leo, mstari wa mwisho, karibu na mlango. Wakati haya yanachapwa hatujui kama atakikalia.

Sisi tunalo letu. Humu ndani, mbele yenu, tumeandika wanafunzi arobaini na watatu. Tulikosea. Walikuwa arobaini na wanne. Tunaomba kila mwenye programu asahihishe kwa kalamu, na pembeni aweke vema.

Dakika kumi zinazofuata marehemu aliziomba mwenyewe. Zikiisha, kama patakuwa na neno au hapatakuwa, tutamchukua Mwalimu Chaki Mbili kwenda kumlaza kando ya fundi wake, apumzike huko kwa amani, chaki nyeupe katika mfuko wa kulia na ya bluu katika wa kushoto.